Kufuli la Siku ya Idi

Kasongo, 3 Septemba 2024

Kwa mdogo wangu Iliasi, huko Kabambare,

Asalaam aleikum. Salamu nakupa kwa sababu Baba alitulea hivyo: hata mtu mliyegombana naye, msalimu kwanza, ndipo umwambie maneno yake. Natumaini afya yako ni njema. Mimi ni mzima, mwanao Waridi ni mzima, majirani ni wazima. Mgonjwa ni mashine ya duka.

Sikupigii simu. Siku ya Idi nilikwambia kwamba sauti yako sitaki kuisikia tena, na mimi nikisema nimesema. Ndiyo maana barua hii nimempa Dady motari, anayepeleka watu huko kila wiki kwa pikipiki yake. Usimcheleweshe, jibu atarudi nalo yeye.

Sasa sikia. Mwisho wa mwezi uliopita fundi Hervé alisafisha mashine kwa sababu ilikuwa imejaa virusi. Kabla ya hapo imeli ya duka ilikuwa inafunguka yenyewe tangu uondoke, hakuna aliyeulizwa kitu. Alipomaliza kazi yake, ikaomba neno la siri. Nikafungua ile programu uliyotuwekea bila kumwuliza mtu, hilo kabati lako la maneno ya siri, nikachukua neno la imeli, nikalibandika mahali pake. Likakataliwa. Nikarudia, likakataliwa. Mara ya tano nikafungiwa nje saa nzima, mimi Soraya binti Abdallah, ndani ya duka la baba yangu. Nikajaribu na mistari mingine sita iliyomo kabatini. Yote saba ni uongo mtupu.

Nikaona basi, nitasema nimesahau, watanitumia namba ya kufungulia. Wameituma kwenye simu ya Baba. Simu ya Baba imenyamaza tangu tumzike.

Ni wewe, Iliasi. Hakuna mwingine anayekijua kitu hicho. Umekaa huko, umeingia kwa mlango wa nyuma, umebadilisha kila kitu ili nije nikulambe miguu. Rudisha ulichochukua. Imeli hiyo nataka ifunguke kabla ya mwezi huu kwisha, na kwa nini naitaka hayakuhusu.

Dada yako, kwa kuwa tumbo lilikuwa moja,
Soraya


Kabambare, 8 Septemba 2024

Kwa yaya Soraya, dada yangu mkubwa,

Wa aleikum salaam. Barua imefika na vumbi la njia nzima, ila matusi yake yamefika mazima. Mimi sijambo. Nalala vizuri, nakula vizuri, na hakuna anayenipigia kelele asubuhi. Kibanda changu cha kuchapa na fotokopi kiko karibu na ofisi za serikali, wateja wanakuja wenyewe. Nakuombea afya wewe na Waridi.

Mimi sijagusa kitu chako. Nilikufundisha programu ile, lakini naona iliingia sikio hili ikatokea lile. Narudia. Unabofya picha ya dadu. Programu inakutungia neno la alama ishirini, herufi na tarakimu zimechanganywa ovyo, kisha unalihifadhi humo humo. Hulikariri, huliandiki popote. Kichwani unabaki na maneno matano tu ya kufungulia kabati. Yale saba yaliyomo hata mimi siyajui. Nichape viboko, sitakutajia herufi moja. Unanisingizia wizi wa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwahi kuwa nacho.

Na kabla ya dadu tulikuwa na nini? Daftari. Imeli: iliasi1984. Mashine: iliasi1984. Kila kitu jina langu na mwaka wangu, na daftari lenyewe chini ya kitambaa cha meza, pale pale kila mteja anapoegemeza kiwiko. Mpaka wauza samaki sokoni walilijua. Mwezi wa tano mtu akaingia, akafuta barua zote za wateja, na aliingia kwa jina langu. Ulilia siku mbili. Nani alikuletea dawa? Lakini shukrani ya punda ni mateke.

Jambo la mwisho. Kibanda changu kinataka mtu wa kukaa na wateja. Waridi amesoma vya kutosha. Siku ya kuondoka nilimwambia tufuatane, akajificha nyuma yako. Basi mwambie hivi: mpaka siku atakayokuja hapa, simu zake sipokei.

Mdogo wako, uliyemfukuza mbele ya sahani ya pilau,
Iliasi


Kasongo, 13 Septemba 2024

Kwa Iliasi,

Salamu. Sisi ni wazima, natumaini nawe. Hiyo inatosha.

Unaandika “tulikuwa na daftari” kama mtu aliyeliangusha njiani. Ulilichoma! Asubuhi ya Idi, nimetoka tu kwenda kununua vitunguu, ukalitia ndani ya mbabula yangu, jiko langu la makaa. Nikarudi nikakukuta unatabasamu. “Kazi imekwisha, yaya, sasa hatuna karatasi hata moja.” Jalada lake la buluu lilikuwa bado linajikunja juu ya makaa. Pilau ya Idi nimeipika juu ya majivu ya mwandiko wa Baba.

Baba hakuacha picha, ila ile ya kadi ya uchaguzi ambayo hata pua haionekani. Aliacha kurasa nne kwa mkono wake. Na kwenye hizo nne aliandika jina lako mara saba. La kwangu halimo. Nilimezea hilo tangu udogo, na bado nikalitunza daftari, nikawa nalifungua asubuhi nauangalia ule mwandiko wake ulioegemea upande, kama yeye mwenyewe akiwa amechoka. Wewe mwenye jina ndiye uliyeona karatasi chafu. Ungeniuliza ningekubali kibadilishwe kila kitu, daftari ningelifunga sandukuni. Hukuuliza. Hujawahi kuuliza.

Sasa nikwambie kwa nini najua ni wewe uliyeingia. Unakumbuka Baba alifanya nini mtu akiondoka dukani kwa hasira. Awe karani, awe mpishi, awe mjomba, kabla jua halijazama kufuli limebadilishwa. “Mutu akitoka na kinywa wazi, kadena ibadilishwe.” Basi nami siku ya Idi, ulipoondoka na begi lako, nilikaa mbele ya mashine. Nikafungua kabati kwa yale maneno matano. Nikashika mstari wa kwanza, nikabofya dadu yako, neno jipya likatoka, nikahifadhi. Mstari wa pili vilevile. Yote saba, na Waridi alikuwa ananishikia taa. Makufuli saba nimebadilisha kwa mkono wangu ili usiingie tena ndani ya nyumba hii.

Haya, nieleze ulipitia wapi.

Dada yako,
Soraya


Kabambare, 18 Septemba 2024

Kwa yaya Soraya,

Salamu nyingi safari hii, na afya tele, maana umenifurahisha. Barua yako nimeisoma nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama nimepata wazimu.

Yaya, hukubadilisha kufuli hata moja. Ulichonga funguo saba mpya, ukazitia sandukuni mahali pa zile za zamani, basi. Milangoni makufuli ni yale yale. Imeli haina habari kwamba wewe umebofya dadu. Ilikupasa uingie kwanza ndani ya imeli yenyewe, uiambie “kuanzia leo neno langu ni hili,” ndipo ulihifadhi kabatini. Wewe ulibadilisha kabatini peke yake, na kwa kuwa imeli ilikuwa wazi hukujua, mpaka Hervé alipoifunga. Umejifungia nje mwenyewe tangu Idi, ukakaa miezi miwili na nusu ukijisifu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na dawa ipo. Ni maneno machache, yangetosha hapa pembeni mwa karatasi, na kalamu ina wino. Lakini siyaandiki.

Ulinifukuza mbele ya wageni, siku ya Idi, mikono yangu ikiwa na mafuta ya pilau. Baba mdogo alikuwepo, wazee wa msikiti walikuwepo, watoto wa mtaa walisimama ukutani wakinitazama nikifunga begi. Sasa nataka hivi: Ijumaa baada ya sala, wazee wale wale wakae pale pale, usimame useme, “Nilimkosea Iliasi.” Maneno mawili. Dady akinithibitishia kwamba yamesemwa, dawa unaipata. Kama kilichomo ndani ya imeli ni cha maana kuliko kiburi chako, tutaona.

Mdogo wako mwenye dawa,
Iliasi


Kasongo, 21 Septemba 2024

Kwa Iliasi,

Salamu. Afya ipo.

Sitasimama mbele ya mtu. Barua mbili umeniandikia, kurasa tano, umetaja aibu yako, begi lako na mafuta ya mikono yako. Kuhusu daftari la Baba umeandika kwamba lilikuwa chini ya kitambaa. Hilo tu.

Mashine na ikae ilivyo. Lakini kilichomo ndani ya imeli si changu. Nimekwambia, usije ukasema hukuambiwa.

Soraya, mtoto wa Baba ambaye hakuandikwa


Kabambare, 28 Septemba 2024

Kwa yaya,

Natumaini mu wazima. Mimi mwili ni mzima.

Barua yako imekaa mezani kwangu siku nne. Nilitaka ikae zaidi. Nilijua unanitisha tu, na nilikuwa nangoja Ijumaa nyingine ipite uone kwamba nami nikisema nimesema. Lakini jana Dady alikuja kunywa maji hapa kibandani, akaniambia jambo bila kuulizwa. “Ule mutoto wako Waridi anashinda mbele ya mashine kila siku. Nikifika tu, iko barazani ananiuliza, ‘Baba ameandika?’ Halafu anaenda nyuma ya nyumba.”

Waridi anangoja nini, yaya? Hilo nijibu.

Masharti nimeyafuta. Dawa ndiyo hii. Fungua kabati. Bofya mara mbili mstari wa imeli. Upande wa kushoto utaona neno “Historique.” Hapo programu imeweka kila neno la zamani pamoja na tarehe yake, haitupi kitu, labda mtu aiamuru. Chukua lile la tarehe 15 mwezi wa sita, siku moja kabla ya Idi. Ndilo kufuli la kweli. Mistari mingine fanya hivyo hivyo.

Nimemwambia Dady asingoje abiria. Anaondoka sasa hivi.

Mdogo wako,
Iliasi


Kasongo, 3 Oktoba 2024

Kwa Iliasi,

Asalaam aleikum. Kuhusu afya, mimi nipo.

Mvua ilimshika Dady njiani, kivuko kikamlaza siku mbili. Alifika tarehe mosi, adhuhuri. Historique tuliiona pale uliposema. Neno la tarehe 15 lilikuwa limelala humo, halikwenda popote. Imeli ikafunguka kabla maji ya chai hayajachemka.

Sasa nikujibu. Waridi aliomba nafasi kwenye chuo cha wauguzi huko Kindu. Mtihani waliufanyia hapa Kasongo mwezi wa saba, na anwani aliyotoa ilikuwa imeli ya duka, kwa kuwa hana nyingine. Aliwapigia simu, wakamwambia jibu limeshatumwa, na kuthibitisha ni kwa kuijibu barua hiyo hiyo tu. Tulilikuta. Lilikuwemo tangu tarehe 6 Septemba. Amechaguliwa, wa tatu katika jimbo zima, na nafasi anawekewa mpaka tarehe 30 Septemba, saa sita mchana.

Aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, hata jina la aliyetia sahihi. Halafu akageuka akaangalia kalenda ukutani. “Shangazi, iko jana,” akasema. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, yeye akanishika bega.

Nisikufiche. Mtoto aliniomba mara tatu. “Umuambie baba kama iko yangu, atatoa.” Nikakataa. Nilimwambia kwamba ukijua ni masomo utazuia, na hilo ulikuwa umeliandika mwenyewe, lakini haikuwa sababu yangu. Nilitaka unifungulie mimi. Mara moja tu katika maisha yangu nilitaka kitu kifanyike ndani ya nyumba hii kwa ajili ya jina langu. Nikaichezea nafasi ya mtoto kwa hilo. Na wewe ukaichezea kwa maneno mawili na Ijumaa yako. Tusilaumiane nani zaidi, mzani wa kutupima sina.

Jana asubuhi amekwenda Kindu nyuma ya pikipiki ya Dady, na barua ya chuo imechapwa, imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Anasema atakaa mlangoni kwao mpaka mtu amsikilize.

Kabla ya kuondoka alifungua imeli yake mwenyewe hapa kwenye mashine. Neno la siri alilitungisha kwa dadu yako, akaliingiza kwenye simu yake, kisha akaufuta mstari ule kabatini. Wakati wote huo amejifunika kikwembe, yeye pamoja na kioo, kama mgonjwa anayevuta mvuke wa dawa. Nikamwuliza anamficha nani humu ndani. Akajibu toka ndani ya kikwembe: “Ninyi wawili. Baba alikuwa na dawa, hakutoa. Wewe ulikuwa na neno moja la kumuambia, haukusema.”

Anwani hakuniachia.

Soraya


Kabambare, 9 Oktoba 2024

Kwa yaya yangu Soraya,

Asalaam aleikum warahmatullah. Nakuombea afya na nakuombea usingizi.

Nimempigia Waridi mara nyingi. Inalia mpaka inakatika. Nami ndivyo nilivyomfanyia mwezi mzima, nilikuwa naiangalia inalia mezani, nikijipongeza kwamba nina msimamo.

Nilikosea kulichoma daftari. Ningeweza kukuandikia kwamba kiusalama nilikuwa na haki, na kwa kweli nilikuwa nayo, lakini ningechana ukurasa wa maneno ya siri nikakupa lililobaki, au ningekungoja urudi na vitunguu vyako. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa. Kuona jina langu kwa mkono wa Baba kulikuwa kwangu jambo la kila siku, ndiyo maana sikuliona. Nisamehe, yaya, na kama wazee wanataka kulisikia hilo, nitakuja niliseme nimesimama mimi.

Jambo lingine, la kazi. Uliniandikia kwamba siku ya Idi kabati ulilifungua kwa yale maneno matano. Bado ni yale yale? Tuliyachagua mimi na wewe jikoni, tukisonda kidole kitu hiki na kile, tukicheka, usiku wa kuamkia Idi, kabla hujaiona mbabula. Kama ni yale, basi mimi ninayajua. Siku ya Idi ulihangaika na makufuli saba ya ndani, ukaacha wazi mlango mkubwa ambao ufunguo wake ninao mimi, mtu uliyemfukuza. Baba asingelala.

Ubadilishe. Fungua kabati, nenda juu kwenye menyu, tafuta mahali pa usalama wa kabati lenyewe, litakuomba uandike maneno mapya mara mbili. Chagua matano ambayo sitayajua. Hii si kejeli, nakufundisha kunifungia nje sawasawa, kwa kuwa mara ya kwanza sikukufundisha vizuri.

Mdogo wako,
Iliasi


Kasongo, 17 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu Iliasi,

Asalaam aleikum. Natumaini u mzima. Hapa kuna mvua na duka linavuja upande wa mashine, nimeihamisha.

Habari za Waridi nimezipata kwa Dady, kutoka kinywa cha Pascaline, mama mdogo wa Waridi, ambaye mtoto anakaa kwake huko Kindu. Chuoni walimwambia nafasi yake ilipewa mwingine siku ile ile ya tarehe 30, baada ya saa sita. Ajaribu tena mwakani. Kurudi Kasongo amekataa, na Kabambare amekataa. Anamsaidia Pascaline kuuza dawa. Kwangu hajaandika. Nadhani kwako pia hajaandika, ungenijulisha, hata kwa kunikomoa.

Msamaha wako nimeusoma. Bado nina hasira na wewe, sitasema uongo ndani ya barua. Nikiwasha mbabula bado naliona lile jalada. Usije kwa wazee, hawana la kutufanyia.

Kuhusu yale maneno matano. Nilifuata ulivyoandika, nikafika pale panapoombwa maneno mapya mara mbili. Nikakaa. Nilikuwa nimeyachagua tayari, mazuri, usingeyajua hata kwa mganga. Kisha nikafunga dirisha lile bila kuandika kitu.

Usifurahi, sijakusamehe. Lakini anwani pekee ya nyumbani anayoijua Waridi kwa moyo ni imeli ya duka. Siku akituandikia, huenda mimi ni mgonjwa, huenda mimi sipo, na mashine imekaa imefungwa kama safari ile. Lazima awepo mtu mwingine wa kufungua.

Na mwingine anayeyajua maneno hayo ni wewe tu.

Yaya yako,
Soraya